Programu ipo kwenye laptopu, ruhusa ipo wapi?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika baharini kaskazini mwa Durban. Jumatatu asubuhi Dar es Salaam iliamka na mtandao wa kusuasua. Nairobi, Kampala na Kigali nako hali haikuwa njema, ila Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Siku kama ile, ndani ya ofisi moja, unaweza kukuta watu watatu wenye hali tatu. Mhasibu anayefunga vitabu kwa Tally, programu ya uhasibu, anaingiza ankara zake kama kawaida, maana kila kitu kimo ndani ya kompyuta yake. Mwenzake, ambaye mfumo wake unafunguka kwenye kivinjari, anatazama kiduara kinavyozunguka. Wa tatu ndiye mgumu kumweleza: programu imo kwenye laptopu, aliwekewa na fundi, ikoni yake ipo palepale, lakini akiifungua inamtaka aingie kwanza kwenye akaunti.

Mjadala wa kutegemea wingu, yaani seva za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, au kufanya kazi nje ya mtandao hukwama kwenye meza hiyo ya tatu. Tumezoea kugawa programu makundi mawili, za mtandaoni na zisizo za mtandaoni, kisha tunabishana lipi bora. Kumbe kuna maswali manne tofauti tunayoyachanganya. Programu inaendeshwa kwenye mashine ya nani? Faili limekaa wapi? Ruhusa ya kuitumia programu inatoka kwa nani, na inadumu siku ngapi? Na pakitokea hesabu mbili zisizolingana, neno la mwisho ni la nani? Programu moja inaweza kuwa na jibu la nyumbani kwa swali la kwanza na jibu la California, kwa mwenye programu, kwa swali la tatu. Ukiyatenganisha, mengi yanayoonekana kama mazingaombwe yanaeleweka.

Mfano mzuri kuliko yote upo ukutani kwa Watanzania wengi: mita ya LUKU. Mita ya kawaida ya LUKU haina intaneti. Unanunua umeme kwa simu, unaletewa tarakimu 20, unazibonyeza kwenye rimoti, uniti zinaongezeka. Sasa mita imejuaje kwamba umelipa, wakati haijaongea na mtu? Jibu limo ndani ya tarakimu zenyewe. Seva ya mauzo inachukua kiasi cha uniti na muda tokeni ilipotolewa, inavifumba kwa ufunguo wa siri wa mita yako, na kila mita ina ufunguo wake. Mita inafumbua, inahakikisha kwamba tokeni ni halali, inaangalia kama imeshawahi kuipokea, basi, umeme unaingia. Ndiyo maana tokeni ya jirani haikubali kwako, na ya kwako haikubali mara mbili.

Kwa hiyo kununua kunahitaji mtandao, kutumia hakuhitaji. Mei 2021 mfumo wa kuuza LUKU ulipogoma kwa siku kadhaa, watu walipanga foleni kwenye ofisi za TANESCO, shirika la umeme, lakini mwenye uniti kwenye mita aliendelea kupiga pasi nguo zake. Na ukichunguza utaona kwa nini mpango huu unawezekana: tokeni ile haina mahali pengine popote pa kutumika. Mita inaamua yenyewe juu ya tokeni zake, haina haja ya kuuliza makao makuu. Tutalirudia jambo hili mbele kidogo, kwa sababu ndilo linaloamua kazi gani inaweza kufanyika nje ya mtandao na ipi haiwezi.

Uhuru huo lakini una bei yake, na mwaka 2024 tuliilipa. Muda unaoandikwa ndani ya tokeni huhesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216 tu. Dakika hizo zilikuwa ziishe tarehe 24 Novemba 2024, na mita ambayo haijarekebishwa kufikia siku hiyo ingekataa tokeni mpya. Mita zingekuwa zimeunganishwa, amri moja ingetumwa usiku watu wamelala, asubuhi mambo yameisha. Hazikuwa zimeunganishwa. TANESCO, Kenya Power na mashirika mengine duniani yanayotumia utaratibu huo ikabidi yamfikie kila mteja: uliponunua umeme uliletewa makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini, mawili ya kubadili ufunguo wa mita, la tatu ndio umeme wenyewe, na ilikuwa lazima uyaingize kwa mpangilio. Tarakimu 60, kwenye rimoti yenye vitufe vilivyochakaa. Anayesema kukaa nje ya mtandao ni raha tupu, muulize habari za mwaka ule.

Turudi kwenye kompyuta, tuanze na swali jepesi kuliko yote, la mashine inayoendesha programu. Programu inayofunguka kwenye kivinjari, mara nyingi kazi yake kubwa inafanyika kwenye seva ya mwenye programu. Seva hiyo inaweza kuwa Ireland, Virginia au Johannesburg. Kampuni kubwa za seva za kukodi zilifika Afrika kwa kuchelewa, na zilipofika zilianzia Afrika Kusini: Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town 2020, Google ikafuata Johannesburg 2024. Hatua nzuri. Ila kwa mtu wa Dodoma au Kisumu bado kuna bahari na waya katikati, na waya zilizokatika Mei 2024 zilikuwa hizohizo zinazoelekea kusini.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawaligundui mpaka siku ya tukio: mtandao haukatiki wote kwa pamoja. Tanzania ina kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, TIX, na Kenya ina KIXP. Kazi ya vituo hivi ni kuziwezesha kampuni za intaneti za nchi moja kupeana mizigo bila kuizungusha ng'ambo. Huduma ambayo seva yake imo nchini, na wateja wake wamo nchini, inaweza kuendelea hata waya wa baharini ukikatika. Lakini mara nyingi haiendelei, na sababu inaudhi. Mwenye huduma ameweka seva Dar es Salaam, halafu kitufe cha kuingilia kinapita kwenye akaunti ya Google, picha zinatoka kwenye seva ya Marekani, na maandishi yanavuta fonti kutoka kwingine kabisa. Kiungo kimoja kati ya hivyo kikikosekana, ukurasa mzima unagoma. Mfumo unaitwa wa ndani, lakini mlango wake uko nje.

Tena si lazima waya ukatike. Tarehe 20 Oktoba 2025 tatizo halikuwa waya; hitilafu kwenye kituo kimoja cha Amazon kule Virginia iliangusha huduma nyingi duniani kwa saa nyingi. Katika walioathirika walikuwemo wenye magodoro ya kisasa ya kampuni moja ya Marekani, magodoro yanayopoa na kupata joto kwa amri ya programu ya simu. Seva ilipopotea, wenye magodoro walishindwa kuyarekebisha. Mtu amelala juu ya kitu chake, kilicho chumbani kwake, amekilipia pesa nyingi, na hawezi kukizima joto. Kampuni iliomba radhi na kuanza kutengeneza njia ya kuliongoza godoro kwa Bluetooth bila intaneti, ambayo kwa mawazo yangu ingepaswa kuwepo tangu siku ya kwanza.

Sasa ruhusa. Hili ndilo swali ambalo wauzaji hulieleza kwa herufi ndogo kuliko mengine, na ndilo linalomkwamisha yule wa meza ya tatu.

Zamani ulinunua programu kwenye CD, ukaingiza namba ndefu, mambo yakaisha. Mwaka 2013 Adobe, wenye Photoshop na Illustrator, programu za kuhariri picha na kuchora, walitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa kulipia kila mwezi au mwaka tu. Toleo la mwisho la kununua moja kwa moja lilikuwa la 2012. Watu wengi walidhani maana yake ni kwamba Photoshop sasa inaendeshwa mtandaoni. Sivyo. Inaendeshwa kwenye kompyuta yako kama zamani, inakula RAM yako, faili linabaki kwenye diski yako. Kilichohama ni leseni. Kila baada ya muda programu inapiga hodi kwa Adobe kuuliza kama bado unalipa. Ukiwa umelipia kwa mwaka unaruhusiwa kukaa bila kupiga hodi hadi siku 99. Wa mwezi kwa mwezi, siku 30. Microsoft 365 nayo inataka Word na Excel ziwasiliane na seva walau mara moja kila siku 30. Ukivuka, nyaraka zako utazifungua, utazisoma, hata kuzichapisha, ila huwezi kuhariri wala kuanza mpya.

Siku 30 zinaonekana nyingi. Tatizo ni kwamba hesabu haianzi siku mtandao ulipokatika. Inaanza mara ya mwisho programu ilipofanikiwa kuwasiliana, na hiyo huijui. Ukiwa siku ya 28 bila kujua, kukatika kwa siku tatu kunakutosha. Mbunifu wa mabango anayewasha laptopu ya kazi pale tu ana oda, na kuiwashia hotspoti pale tu anatuma kazi, ndiye anayenaswa kirahisi.

Halafu kuna upande wa ruhusa ambao haupimwi kwa siku. Oktoba 2019 Adobe iliwaandikia wateja wake wa Venezuela kwamba akaunti zao zote zitafungwa kufikia tarehe 28 ya mwezi huo, kwa sababu ya amri ya vikwazo iliyotolewa na Rais wa Marekani. Wabunifu wa Caracas hawakuwa wamekosea lolote, na wengine walikuwa wamelipa. Mwishowe kampuni ilipata kibali cha serikali yake na huduma ikaendelea, lakini kwa wiki kadhaa watu walikaa hawajui kama mwezi ujao watakuwa na kitendea kazi. Mwenye toleo la 2012 kwenye CD hakuwa na sababu ya kuogopa.

Nitasema na hili, maana kulinyamazia ni unafiki: kwetu, watu wengi wanalikwepa swali la leseni kwa kutumia programu zilizovunjwa. Fundi anakuja na flashi, anakwambia zima antivirusi, dakika kumi una kila kitu bila kulipa, na haikuulizi chochote daima. Anayeweka programu ya namna hiyo amepata uhuru wa nje ya mtandao kwa kumfungulia mlango mtu asiyemjua. Ule uvunjaji unafanyika kwa kubadilisha programu, na aliyebadilisha leseni anaweza kuwa amebadilisha na mengine. Kama shida ni malipo ya kila mwezi, zipo LibreOffice ya nyaraka, GIMP ya picha na Inkscape ya michoro, za bure kihalali, zinazokaa kwenye mashine na kutopiga hodi popote. LibreOffice si Word, na nyaraka yenye majedwali mengi ikihamishwa huweza kuvurugika. Wanaokwambia haina tofauti yoyote hawajawahi kuandaa zabuni. Microsoft pia bado wanauza Office ya kununua mara moja, ya karibuni ikiwa ya 2024. Hawaitangazi sana.

Swali la faili lina mtego wa aina yake, na mtego huo ni wa kuonekana kwa macho. Fungua laptopu yenye Windows ambayo OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, imewashwa. Folda ya nyaraka imejaa mafaili yako yote, majina sawasawa, tarehe sawasawa. Angalia alama ndogo pembeni ya kila jina. Yenye tiki ya kijani lipo kweli kwenye mashine. Yenye kawingu ka bluu halipo. Unaona jina lake tu. Bonyeza kulia, fungua sehemu ya sifa za faili, utasoma ukubwa wa megabaiti kadhaa, na chini yake nafasi inayotumika kwenye diski: sifuri. Ukilifungua ukiwa na bando linashuka. Ukiwa kwenye basi katikati ya Mikumi halishuki, na mkutano uko Iringa. Dawa yake ni kubonyeza kulia juu ya folda muhimu na kuchagua ibaki daima kwenye kifaa hiki; alama inageuka duara lililojaa kijani. Inachukua sekunde tano, lakini lazima zitangulie safari.

Simu ni hivyohivyo. Google Photos ina kitufe cha kuongeza nafasi, na watu wanakibonyeza kwa furaha simu ikijaa. Kinachofutwa ni picha zilizomo kwenye simu, kwa kuwa nakala zimeshapanda mtandaoni. Picha za harusi bado unaziona, ndogo ndogo zenye ukungu, mpaka siku unataka kumwonyesha bibi kijijini. Google Docs nayo inafanya kazi bila mtandao, kwenye Chrome au Edge, kwa sharti kwamba uliiwasha huduma hiyo mapema ukiwa na mtandao. Nyimbo ulizopakua Spotify zinadai uonekane mtandaoni mara moja kila siku 30. Kupakua kwa namna hiyo ni kukaa na kitu kwa muda tu.

Nisieleweke kwamba nawasema watu wa wingu peke yao. Kwa wengi wetu, njia ya zamani ya kutunza faili ilikuwa flashi moja, na flashi ile ilikuwa inapita kila steshenari ya mtaani na kurudi na kirusi kinachogeuza folda zote kuwa njia za mkato. Tasnifu ya miaka miwili kwenye flashi moja. Laptopu inaibwa kwenye daladala na mahesabu yote ya kikundi cha kukopeshana. Umeme unarudi kwa kishindo, diski inakufa. Kwa ajali za namna hii, nakala iliyoko mbali na nyumba yako haina mshindani, na gigabaiti 15 za bure za Google zimeokoa vyeti na barua za ajira nyingi kuliko flashi zote za Kariakoo.

Ila nakala iliyoko mbali ikiwa ndiyo pekee, umehamisha hatari tu. Serikali ya Korea Kusini ilikuwa na hifadhi ya mtandaoni iliyoitwa G-Drive kwa ajili ya watumishi wake, na baadhi yao walielekezwa kutunza kazi zote humo badala ya kwenye kompyuta za ofisini. Septemba 2025 moto uliwaka kwenye kituo cha data cha serikali huko Daejeon. G-Drive ikateketea na terabaiti 858 za kazi, na haikuwa na nakala pengine, kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno kuitengenezea nakala. Nchi yenye intaneti ya kasi mno, na mtumishi aliyekuwa amekaidi maelekezo akabakiza mafaili kwenye kompyuta yake ndiye aliyenusurika.

Tufike kwenye swali la nne, ambalo ndilo lenye hisabati. Kwa nini wasitengeneze kila programu ifanye kazi bila mtandao, halafu mtandao ukirudi ipatanishe mambo? Kwa sababu mambo mengine hayapataniki.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi lenye matawi mawili, Tegeta na Mbagala, yanayouza kutoka stoo moja. Mfumo unasema imebaki mifuko kumi ya saruji. Mtandao unakata. Tegeta inauza kumi, Mbagala inauza kumi, kila mmoja akiwa sahihi kwa kadiri ya anachokiona. Mtandao unarudi na stoo inasoma hasi kumi. Hakuna programu, hata iandikwe na malaika, itakayoleta mifuko kumi ambayo haipo. Kitu pekee ambacho kingezuia ni kuwa na mahali pamoja panapoulizwa kabla ya kila mauzo. Salio la M-Pesa liko hivyohivyo: lazima pawe na seva moja yenye neno la mwisho, la sivyo mtu angetoa elfu hamsini zilezile kwa mawakala wawili. Angalia lakini kwamba kuuliza seva si lazima kupite kwenye intaneti. Menyu ya namba na alama ya reli hupita kwenye mawimbi ya simu ya kawaida, bila bando, na ndiyo maana bibi mwenye simu ya tochi anatuma hela siku ambayo programu ya simu janja inazunguka tu.

Sasa linganisha na mtafiti anayepita nyumba kwa nyumba Kigoma akijaza dodoso kwenye simu kwa ODK, programu ya kukusanyia takwimu. Kila dodoso ni jipya. Hakuna mwenzake anayelihariri dodoso lilelile kutoka kaya nyingine. Anajaza siku nzima bila mtandao, yanakaa kwenye simu, jioni akifika penye mnara yanapanda yote, na hayagongani kwa sababu hayana cha kugongania. Siri ndiyo hiyo: kazi ya kuongeza vitu vipya huvumilia kukosa mtandao, kazi ya kugombea kitu kimoja haivumilii. Tokeni ya LUKU ni ya mita moja, hivyo haina mpinzani. Mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, zilizoanza Tanzania mwaka 2010 nazo zimo kundi hilo: risiti hurekodiwa kwanza kwenye kumbukumbu ya mashine yenyewe, na muhtasari wa siku, ile karatasi ya Z, hutumwa TRA, mamlaka ya mapato. Risiti ya duka lako haigombaniwi na duka la jirani, basi mteja hana haja ya kusubiri mnara.

Watu waliotengeneza mifumo ya huku waliijua siri hii mapema, kwa kulazimishwa na mazingira. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika leo nchi nyingi, mizizi yake ni Eldoret, ambako kazi ilianza 2004 kwa ajili ya kliniki za VVU. Unaweza kukaa kwenye seva ndani ya hospitali yenyewe na kufanya kazi kwa mtandao wa nyaya za jengo. DHIS2, ambayo Kenya iliifanya mfumo wa taifa wa takwimu za afya 2011, ina programu ya simu inayohifadhi taarifa za zahanati mpaka mtandao upatikane. Mashuleni ipo Kolibri, programu ya masomo: laptopu moja darasani inakuwa seva, vishikwambi vya wanafunzi vinaungana nayo kwa Wi-Fi isiyofika popote nje ya ukuta. Na kwa Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila mtandao, unaweza kubeba Wikipedia yote ya Kiingereza pamoja na picha zake, takriban gigabaiti 100, kwenye kadi ya kumbukumbu yenye ukubwa wa ukucha.

Kuna sababu nyingine ya kulichukulia jambo hili kwa uzito ambayo haina uhusiano na waya kukatika baharini. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizimiwa intaneti kwa takriban wiki tatu baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Uganda ilizimiwa karibu siku tano Januari 2021. Tanzania ilizimiwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, ikarudi tarehe 3 Novemba. Mtu akipanga kazi zake, waya uliokatika na swichi iliyozimwa ni kitu kilekile: dawa iliyotakiwa kuagizwa, mshahara uliotakiwa kuandaliwa, mtihani uliotakiwa kuchapwa. Tofauti ni kwamba meli ya kuunganisha waya unaweza kuikadiria itafika lini.

Mimi nikiulizwa na mtu mwenye duka, zahanati au shule, simwambii achague upande. Namwambia faili mama likae kwake na wingu libebe nakala, isipokuwa kwa vile vichache vinavyogombaniwa, yaani fedha, stoo ya pamoja, na vyumba vya wageni vinavyouzwa na watu wengi. Hivyo viwe na seva moja na njia ya dharura iliyoandikwa kwenye daftari, kwa mfano kila tawi kuruhusiwa kuuza nusu tu ya mzigo mtandao ukikata. Kisha kabla ya kutegemea mfumo wowote, ajaribu kitu kimoja. Siku ya kazi ya kawaida, azime Wi-Fi na data kuanzia asubuhi, azime kompyuta kabisa na kuiwasha upya, kwa sababu programu nyingi huonekana nzima wakati bado zinakumbuka kikao cha jana. Afungue kila anachokihitaji, aandike kinachogoma. Orodha hiyo itamwambia mengi kuliko kipeperushi cha muuzaji.

Muuzaji mwenyewe aulizwe swali moja kabla ya kulipwa: siku nikiacha kulipia, natokaje na data zangu? Jibu linalofaa ni faili linalofunguka kwa Excel, lenye miamala yote, linalopakuliwa na mteja mwenyewe saa yoyote. Akijibu kwamba utaandika barua pepe na watakushughulikia, mwombe akupakulie la mfano papo hapo mkiwa mmekaa, na ulifungue mbele yake.